Kawa ya Bi Mwanasiti

Anavyosimulia Bi Mwanasiti mwenyewe, Magharibi ilikuwa inaingia, yuko jikoni kwake anapakua, mara akasikia kitu kinakwaruza dirishani. Akatega sikio. Kikakwaruza tena. Akajisemea huyu ni paka wa kina Sabiha, akachukua mwiko amtoe mbio. Kuinua pazia, la haula! Si paka. Macho mawili ya binadamu yamekazia sahani zake. Akapiga ukelele, macho yakatimua mbio, na ushungi wa njano ukapepea ukutani ukapotea. Na ushungi wa njano, Chumbageni nzima, ni wa nani kama si wa Mwamvua, binti wa Bi Hafsa?

Hiyo ndiyo aliyoisimulia dukani. Ilipofika bombani, alikuwa ameshamkamata Mwamvua ushungi, na kipande kimembakia mkononi. Hakuna aliyeomba kukiona hicho kipande.

Chanzo cha maneno yote hayo kilikuwa hadithi. Mwamvua alisoma mpaka darasa la saba, basi, akarudi nyumbani kukuna nazi na kusikiliza watu. Alikuwa na tabia ya kukaa kimya mpaka wazungumzao wakasahau kwamba yupo. Akaanza kuandika hadithi kwenye simu na kuzituma kwenye kundi la WhatsApp la kina mama wa mtaa, na humo zikawa zinarukia makundi mengine, hata Maramba zilisomwa. Ya mwisho aliiita "Sahani ya Pili". Mwanamke mmoja mumewe kaenda Mererani kuchimba madini, hajarudi. Kila jioni mwanamke anapakua sahani mbili. Moja anakula, ya pili anaifunika kwa sahani nyingine, na asubuhi anawamwagia kuku. Haikuwa na zaidi ya hayo.

Lakini mume wa Bi Mwanasiti naye alikwenda Maskati kuendesha magari, na hata salamu haziji. Bi Mwanasiti alipoisoma, aliona ni yeye kaandikwa. Hasira zikampanda.

Ubaya ni kwamba Bi Mwanasiti ndiye mpishi wa pilau wa mtaa, na walima wa Badru, karamu ya harusi ya kaka yake Mwamvua, ulikuwa umefika. Asubuhi ya walima alifika uani kwa Bi Hafsa, akakuta sufuria kubwa ziko tayari kwenye mafiga, kina mama wanamenya vitunguu na machozi yanawatoka. Akavuta kibao, akakaa, akafunga mikono kifuani.

"Mie mkono wangu hauingii kwenye sufuria ile," alisema. "Aifute hadithi yake mbele ya macho yangu, aseme yeye mwongo na mchunguliaji wa watu. Hapo ndipo nitavaa kanga ya kupikia."

"Bi Mwanasiti, dadangu, wageni wa Tongoni wako njiani," Bi Hafsa alimbembeleza.

"Wapikie hadithi, wale."

Bi Hafsa akamgeukia mwanawe. "Mwamvua, futa, mwanangu. Nduguyo aaibike mbele ya wakwe kwa sababu ya maneno ya kwenye simu?"

Mwamvua alikuwa na ungo mapajani, anachambua mchele. Simu iko ubavuni pake. Alimtazama mama yake. Akaishika simu. Akaifungua ile hadithi. Kidole kikasimama juu yake.

"Shikamoo, Bi Mwanasiti."

"Sina haja na shikamoo yako."

"Nitaifuta. Ila kwanza niambie, nimekosea wapi?"

"Wapi? Uliza wapi hujakosea! Darasa la saba, utajua nini wewe? Huyo mwanamke wako hata kupakua hajui! Ati kafunika wali kwa sahani. Wali wa moto ukiufunika kwa sahani unatoka jasho, unalowa, mtu akija anakuta uji. Anayemngoja mtu hafuniki kwa sahani, anafunika kwa kawa, wali upumue. Mimi yangu nimeisuka kwa ukili wa rangi mbili, na kila jioni nikishampakulia..."

Akakatika hapo. Visu vya vitunguu vikasimama uani kote.

Mwamvua hakucheka. Aliisogeza simu kando taratibu. "Basi aliyekuja dirishani si mimi, Bi Mwanasiti," alisema. "Ningechungulia, ningeiona kawa."

Bi Mwanasiti akakisogeza kibao chake nyuma.

"Ile ya sahani juu ya sahani ni yangu," sauti ilisema kutoka kwenye vitunguu. Alikuwa Sabiha. "Tangu mwanangu Mutasim agombane na babake akaondoka. Na wala sikujua kama inalowa. Kumbe kuku wangu siku zote nawalisha uji!"

Wakaangua kicheko, hata Bi Hafsa. Kilipopungua, mwingine akasema yake ni kikombe cha chai, humimina viwili na marehemu mumewe hanywi. Na mwingine, aliyeinamia vitunguu saumu, akasema yake ni mto. Kila jioni anaupiga makofi ukae vizuri, na hakuna anayeulalia.

"Nyie!" Bi Mwanasiti alisema polepole. "Na mie nikidhani ni mimi peke yangu."

"Sote tulidhani hivyo, shoga," Sabiha alimjibu.

Bi Mwanasiti akamkazia macho Mwamvua. "Kwani wewe mtoto, unaandika ya nini? Si ungejifunza cherehani?"

Mwamvua aliinamia ungo. Akatoa kijiwe kimoja kwenye mchele.

"Naona mtu anaikunja kanga ya mama yake aliyekufa, anaikunjua, anaikunja tena. Hakuna anayemuuliza. Mimi ni mdogo, nitamuulizaje? Nikiandika, ni kama nimeuliza."

Kisha akaishika tena simu. "Ya kawa umenifundisha, ahsante. Nairekebisha sasa hivi. Lakini kufuta, sifuti."

Alisema bila kupandisha sauti, na kidole chake safari hii hakikusimama. Akaandika kawa, akaituma upya. Simu za uani zikalia moja baada ya nyingine, za mifukoni na zilizofungwa pindoni mwa kanga.

Bi Mwanasiti aliinuka. Akajifunga kanga kiunoni. "Nani kaacha kuni zinazima? Leteni vitunguu! Mnakaa mnalia tu hapa!"

Pilau ile wageni wa Tongoni waliigombania mpaka ukoko. Badru alipita uani kifua mbele, kama aliyeipika yeye. Na kila aliyesimama karibu na sufuria aliambiwa na Bi Mwanasiti, "Umeisoma? Ile kawa nimeiweka mimi." Ushungi wa njano haukutajwa tena.

Alasiri, Mwamvua akiwa hajatia kitu tumboni, Bi Mwanasiti alikuja na sahani ya pilau, juu yake kawa ya ukili wa rangi mbili. Akaketi mkekani karibu naye.

"Huyu bwana wa Mererani," alisema, anachezea pindo la kanga. "Mwandike arudi, mwanangu. Jioni moja tu. Aukute wali wa moto."

Mwamvua aliifunua kawa, mvuke ukampanda usoni. Wali ulikuwa mkavu, punje moja moja. Simu ilikuwa mkekani katikati yao, na Bi Mwanasiti bado anamtazama.