Shangazi Aliyepita Juu ya Beu

Mvua ilikata barabara ya Beni asubuhi ileile Tante Kavira alipotakiwa kuwa huko. Eliane, binti ya kaka yake Paluku, alikuwa anatolewa mahari huko Beu, mtaa wa mji wa Beni, na kwa ukoo wao mbuzi wa mahari hawapokelewi mpaka shangazi ashike kamba ya kwanza. Paluku akapiga simu kutoka Beni, akisema kwa aibu kwamba wageni wakichoka kungoja, kamba itashikwa na Débora, dada ya mama ya Eliane.

Hilo Kavira hakulimeza. Miaka yote aliwacheka wenye kupanda ndege kutoka Butembo kwenda Beni, kilomita hamsini na kitu, eti wanapoteza mafuta ya Mungu. Siku hiyo akajifunga pagne ya sherehe, akaenda uwanja wa ndege wa Rughenda. Akaambiwa ndege haijui kona wala matope, ni robo saa tu. Akapimwa kwenye mizani kama gunia la maharagwe, akasimama juu yake kifua mbele, akamwagiza mpimaji asome kwa sauti.

Huko juu akaanza rozari. Hata hajafika mbali, mabati ya Beni yakatokea chini. Soko la Beu akalitambua mara moja. Ndege ikalipita, ikazidi kwenda. Kavira amepanda malori tangu usichana, na mtu akipitishwa kwao anajua la kufanya: akagonga ukuta wa ndege kwa kiganja.

« Chauffeur, mutoto yangu, tumeisha pita Beu. Minashuka hapa. »

Abiria wakaangua kicheko. Rubani, kijana aitwaye Malachie, hakugeuka.

« Mama, huku juu hakuna arrêt. Uwanja iko Mavivi, mbele ya mji. Utarudia na moto. »

« Donc munapitisha mutu kwao, kisha anarudi na moto. Na munaita hii mbio. »

Ile moto, pikipiki ya kukodi, ilikula muda kuliko ndege yenyewe. Kavira alimsukuma dereva kwa maneno njia nzima, matope yakampanda hadi magotini.

Alipoingia uani, wageni walikuwa wamesimama na Débora amenyoosha mkono. Kavira hakukimbia. Alitembea polepole katikati ya viti, kila mtu ayaone matope yale vizuri.

« Dada Débora, aksanti kwa kunichungia nafasi, » akasema. « Nilipita juu ya kichwa yenu kitambo, ni ninyi hamukuinua macho. »

Débora akacheka bila kutaka, akarudi nyuma. Mzee wa upande wa bwana arusi akauliza mama huyu amepita wapi, na barabara imekatika. Paluku akajibu kabla ya dada yake, sauti imemjaa kifuani: kwao shangazi hangoji barabara, na bibi arusi wa shangazi wa namna hiyo hatoki kwa hesabu ya jana, waongeze mbuzi mmoja.

Mzee akaguna, akawatazama wenzake, akatuma watu sokoni. Kavira akashika kamba ya kwanza, akakataa kiti.