Sehemu ya Mtendaji

Muhuri uligongwa mara ya tatu, na mara ya tatu wino ukateleza juu ya plastiki iliyofunika fomu. Jovina, mtendaji wa mtaa, akaufuta kwa kidole na kumtazama mzee Hashil kana kwamba amemletea samaki aliyeoza.

"Nani alikutuma uitie plastiki?"

"Niliona itachafuka, mama. Jana tu, pale steshenari." Hashil alijaribu kucheka. "Vyeti vyote vya binti yangu huyu navitiaga plastiki, tangu darasa la saba."

Khulud aliinamisha kichwa. Fomu ilikuwa moja tu, ina namba yake na saini ya mkuu wa shule, na nakala haipokelewi. Chuo kilitafuta vijana arobaini nchi nzima, wale waliofaulu kupita wenzao, kiwasomeshe bure. Yeye alikuwa na divisheni wani ya pointi tatu. Kilichobaki ni mtendaji athibitishe kwa muhuri kwamba familia haina uwezo, na fomu ifike chuoni leo kabla ya saa kumi jioni. Sasa ilikuwa saa nne asubuhi. Alimpenda baba yake, na kwa dakika ile alitamani kumpigia kelele.

"Naibandua sasa hivi," alisema Hashil. Akatoa mfukoni wembe wa kukatia nyuzi za magunia, akaanza kuchana plastiki pembeni mwa fomu.

"Na kwanza hali duni gani?" Jovina alisema. "Waarabu nyie mna maduka Temeke nzima."

"Duka si langu, mama. Mie nimeajiriwa, napima mchele wa watu."

"Wote mnasemaga hivyo."

Hashil akasimama. Wembe ulikuwa bado mkononi. "Miaka thelathini na moja naishi mtaa huu! Njoo nyumbani kwangu uone tunavyolala!"

Daniel, mgambo wa mlangoni, hakusikia maneno, aliona wembe. Rungu lilitua kwanza kwenye kifundo cha mkono, mfupa ukalia, kisha kwenye shavu. Hashil aliangukia meza, damu ikamtoka puani na mdomoni. Alipoteleza hadi chini, Daniel akampiga teke la mbavu, akaongeza la pili. Khulud alimrukia, akamuuma mkono mpaka akaonja chumvi. Kofi lilimtupa ukutani.

Nje, waliokuwa kwenye benchi waliinamia makaratasi yao. Kila mmoja alikuwa na shida yake inayosubiri muhuri uleule.

"Watoe," alisema Jovina. "Kaja na silaha ofisini, mashahidi mpo."

Barazani, jirani yao Felicitas alikuwa ameshasimamisha bajaji ya kumpeleka Hashil hospitali. Khulud akataka kupanda naye. Baba yake akamsukumia fomu kwa mkono uliobaki mzima.

"Nenda chuoni."

"Baba, siwezi kukuacha hivi."

"Ukibaki, nimepigwa bure."

Saa tisa na dakika arobaini Khulud alikuwa mbele ya dirisha la chuo, sikio la kushoto bado linavuma. Karani, kijana mpole, akaishika fomu kwa vidole viwili. Plastiki ilikuwa imechanika nusu, na doa jekundu limeingia ndani na kukauka.

"Sista, sehemu ya mtendaji haina muhuri."

"Inao."

"Hii ni damu."

"Ya baba yangu. Imemwagika mezani kwa mtendaji, tulipokwenda kumwomba athibitishe kuwa hatuna uwezo. Kathibitisha."

Karani aliutazama uso wake uliovimba, akatazama foleni, akairudisha fomu taratibu. "Pole sana, sista. Utaratibu unataka muhuri."

Khulud akamsukumia tena. "Basi andika hapo kwamba mmeikataa. Andika na sababu, halafu ugonge muhuri wako."

Muhuri wa chuo ulikuwa kando ya kompyuta. Karani aliutazama, asiuguse. Khulud akavuta kiti, akaketi.