Beringi Niliyoiosha

Evans alizima injini, na hapo nikasikia.

Pikipiki ya theluji ilikuwa imeinuliwa nyuma kwa jeki. Mkanda wake mpana wa mpira, ule unaokanyaga theluji, uliendelea kuzunguka hewani kidogo kabla ya kusimama. Katika mizunguko ile ya mwisho kulikuwa na sauti ndogo, kama ya mtu anayetafuna wali wenye mchanga.

"Iko sawa," Evans akasema. Yeye ndiye fundi, Mkenya. "Asad, leta trela tupakie."

Mimi ni msafishaji wa gereji hii ya Barking, mwaka wa tatu sasa. Mashine hizi huletwa kutoka milima ya Scotland, zinatengenezwa, zinarudi. Hii ilikuwa ya kikosi cha uokoaji, watu wanaowafuata waliopotea kwenye barafu.

Sauti ile ninaijua. Marehemu mume wangu alikuwa na kinu cha mahindi kule Uvira. Kila asubuhi alikuwa anaweka ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini sikioni, asikilize beringi, ile pete ya chuma inayoshika mhimili ukizunguka. Ikianza kutafuna hivyo, alikuwa hasagi unga wa mtu mpaka aitoe.

Na nilijua kwa nini hii inatafuna. Dhiren, mwenye gereji, aliniambia tangu siku ya kwanza: Mama, hizi futa na kitambaa, maji ya presha hapana. Lakini wiki mbili zilizopita mashine mbili zilikuwa na tope ndani kabisa, mahali kitambaa hakifiki. Nikaona haya. Kwetu hatumrudishii jirani sufuria yake ikiwa na masizi. Siku hiyo Dhiren alikuwa Harrow kwenye harusi, basi nikachukua bomba la presha nikapiga chini, pembeni, mpaka pale shafti, chuma kinachozungusha mkanda, inapoingilia. Ziling'aa. Nilirudi nyumbani nimefurahi.

Nikamwomba Bwana anipe mdomo.

"Evans, ngoja kidogo."

"Nini tena, Mama Miradie? Umeona vumbi?"

"Atatuvua viatu kabla hatujapakia," Asad, dereva, akasema kutoka mlangoni.

"Kuna beringi inalia."

"Mama, nimesikiliza mimi."

"Umesikiliza injini. Sasa zungusha kwa mkono."

Asad akatazama saa. Ilikuwa saa nne, na safari yake ilikuwa ya siku nzima. Nikachukua bisibisi ndefu mezani, nikaweka ncha pale shafti inaposhikwa, nikampa Evans mpini. Akaweka sikio, akazungusha mkanda polepole. Akazungusha tena. Uso ukabadilika.

"Si itafika tu?" Asad akauliza.

"Kufika itafika," Evans akasema. "Ikivunjika mtu akiwa mbio, shafti inashuka, mkanda unakwama, yeye anarushwa mbele kwenye mawe."

Dhiren akatoka ofisini. "Mbona haijapakiwa?"

"Beringi ya shafti, bosi. Na ni mpya, niliweka mwenyewe. Hawa wauzaji wametuuzia takataka."

"Badilisha. Nitawaandikia leo."

Lawama imepata mwenyewe, naye hayupo. Ningeweza kushika ufagio wangu. Lakini mashine ya pili iliondoka Jumamosi, na leo ni Jumatatu. Iko mlimani, na juu yake kuna mtu.

"Dhiren, wauzaji hawana kosa," nikasema. "Ni maji. Niliiosha na presha, grisi ikatoka."

Dhiren akaitazama mashine, kisha mimi.

"Uliosha hii tu?"

"Na ile ya Jumamosi."

Hakunigombeza. Alitoa simu, akaiweka juu ya meza na sauti wazi. Ikalia mara nyingi. Mwanamke akaitika, na Kiingereza chake kilinipita nusu, lakini nusu iliyobaki ilitosha: mashine ilitoka saa moja asubuhi, kuna watu wawili wamepotea, dereva yuko mbali, atamwita kwa redio.

Tukasubiri. Katika simu ilisikika redio ikikoroma, yule mwanamke akiita, halafu kimya. Akaita tena. Dhiren alikuwa ameshika ukingo wa meza. Mimi nilisimama pale niliposimama, midomo ikisema jina la Yesu bila sauti. Akaita mara ya tatu, na nikaona Evans ameinamisha kichwa.

Sauti ya mwanamume ikaja, ya mbali, ina upepo. Alisema maneno mengi. Dhiren akafumba macho.

"Amesimama," akatuambia. "Ilikuwa inapiga kelele tangu kwenye mteremko, akadhani ni barafu. Alikuwa anataka kujaribu kupanda hivyo hivyo. Mwenzake anamfuata, na wale waliopotea wameshapatikana."

Akakata simu, ndipo akanigeukia.

"Mama, nilikuambia."

"Uliniambia."

"Siku ya kwanza kabisa nilikuambia."

"Ndiyo. Sikusikia."

"Nenda nyumbani. Kesho nitakupigia, sijui nitasema nini."

Nikavaa koti. Evans alikuwa ameshafungua boliti. Beringi ilitoka na maji ya kahawia yakamtiririkia mkononi. Akayatazama, kisha akasema bila kuinua kichwa, "Bosi, nikiweka mpya nataka huyu mama asikilize kabla haijapakiwa."

Dhiren akaitazama beringi, kisha akarudi ofisini bila kunifukuza tena. Nikavua koti.