Bipu ya Saa Kumi

Hapa kwetu Handsworth, huku Uingereza, tuna simu mbili. Ya mkwe wangu Nsimire inapokelewa. Ile yangu ndogo, inayokaa dirishani juu ya sinki, haipokelewi. Ikilia, tunanyamaza, tunaisikiliza mpaka ikatike, halafu tunasema "Asante Mungu" na kila mtu anarudi kwenye kazi yake.

Jirani yetu Kerubo, Mkenya anayetunza wazee, siku ya kwanza kuona hivyo alicheka mpaka akashika mlango. "Nyinyi Wakongo! Simu inalia mnaiangalia kama televisheni!"

Nikamwambia, "Cheka tu mwanangu. Huyo anayelia ni mwanangu wa tumbo."

Ni Bisimwa, mume wa Nsimire. Ni askari wa serikali, yuko kambini milimani huko Kivu ya Kusini, na vita viko bondeni chini yao. Sisi tulipopata njia ya kuja Uingereza kutoka kambi ya wakimbizi, yeye alikuwa amekwisha vaa gwanda, na mtu wa gwanda hawampandishi ndege ya wakimbizi. Binti yao Rita alikuwa bado mgongoni. Leo anasoma, anang'oka meno ya utoto, na baba anamjua kwa sauti tu.

Zamani Bisimwa alikuwa anatuma sauti ndefu alizorekodi kwenye simu. Nilikuwa nazisikiliza nikimenya viazi, mpaka naona ile kambi kama nimelala humo. Hema lao linavuja upande wa kichwani, basi wanapokezana upande mkavu. Maharagwe yana wadudu, wao wanasema ndiyo nyama ya jeshi. Kuna mwenzao anamwita mkewe usingizini, na asubuhi hakuna anayemcheka. "Mama," aliniambia mara moja, "njaa tumeizoea. Kitu ni jioni. Jioni kila mtu anageuka kuangalia upande wa kwao, hata yule ambaye kwao hakuna nyumba tena."

Kisha mkubwa wao akakusanya simu zote za intaneti, akisema zinamwonyesha adui walipo. Hema zima likaachiwa kisimu kimoja cha tochi. Jioni wanapanda kichuguu kilicho nyuma ya choo, ndiko mtandao unakoshika, na kila mtu kwa zamu yake anabipu kwao. Inalia kidogo, anakata. Maana yake: niko mzima.

"Lakini musipokee, mama," alituonya. "Mukipokea salio linakwenda, na ni salio la hema lote."

Basi saa kumi ya hapa, kule jua linazama, Rita anatoka shule, simu inalia. Bipu ya Bisimwa naijua kama ninavyojua kikohozi chake. Ni mtu wa haraka tangu utoto. Inaanza tu kulia, kri, amekwisha kata.

Siku ile nilikuwa nasonga ugali, mikono imejaa unga. Rita aliingia mbio, mkoba mgongoni, mdomo wazi anionyeshe pengo. Jino la mbele limetoka darasani. Simu ikalia. Kabla sijageuka, mtoto amepanda juu ya sinki na kuinyakua.

"Hello? Daddy? My tooth came out!"

Nikaacha mwiko ndani ya sufuria. Ile simu yangu inasema kwa nguvu, kwa hiyo nilisikia mvua inapiga turubai, nikasikia wanaume, na sauti ya mwanangu juu yao: "Rita? Ni weye? Sema tena. Nyamazeni ninyi, mtoto wangu anasema! Sema tena, Rita!"

"My tooth, Daddy. It came—"

Ikakatika.

Nsimire aliporudi kutoka kazini, kule hotelini anakofua mashuka, nilimweleza polepole. Hakumpiga mtoto. Alikaa kwenye kiti na koti lake na kusema, "Umemla baba yako, Rita. Umekula salio lote." Mtoto alilia, na mimi nikamwambia Nsimire neno hilo alirudishe mdomoni. Hakulirudisha.

Kesho yake saa kumi simu haikulia. Tukasema, ni salio. Siku iliyofuata haikulia. Tukasema, ni salio, wenzake wamekasirika. Nsimire akachukua basi hadi Alum Rock, kwenye duka la Daud linalotuma salio Afrika, akarudi akisema limefika, Daud ameliona kwenye mashine limefika.

Saa kumi tukasimama wote watatu mbele ya sinki. Simu ikakaa kimya.

Hapo ndipo nilipoogopa, maana sasa hatukuwa na la kusingizia.

Jumamosi Kerubo aligonga mlango. Siku hiyo hakuwa na utani. Alinipa simu yake nione picha: moshi, kilima, watu wanakimbia na magodoro.

"Mama Bisimwa, wanasema kambi moja huko kwenu imepigwa mabomu."

"Kambi gani?"

"Hawasemi jina."

"Basi na sisi tusiliseme," nikamjibu, nikamwekea chai. Aliinywa kwa heshima, nusu kikombe. Kwa Nsimire sikuficha, lakini nilimwambia baada ya kula. Nilikosea. Alitapika chakula chote.

Tulikaa hivyo. Rita alianza kuniuliza asubuhi, "Tate," ndivyo wajukuu wa kwetu wanavyomwita bibi, "was it me?" Nikamwambia, mtoto, jino haliwezi kuangusha bomu. Lakini saa kumi ikifika alikuwa anaficha mikono yake chini ya makalio, anaikalia, isije ikagusa simu.

Halafu Jumatano moja ikalia.

Ilikuwa namba ileile. Ililia, ikakatika. Nsimire alipiga magoti palepale jikoni, juu ya maji yaliyomwagika, akaimba. Rita akaruka. Usiku ule mkwe wangu alikula sahani mbili na kulala bila ile taa ya korido aliyokuwa akiiacha inawaka kila usiku.

Mimi sikulala. Ile simu ililia kri, kri, kri, ndipo ikakatwa. Mtu alikuwa ameiacha ilie, kama mgeni anayebisha na kungoja. Mwanangu hajawahi kungoja kitu maishani mwake.

Kesho yake, vilevile. Mara tatu, kisha kukatwa. Na kesho kutwa.

Nilimtazama Nsimire anachana nywele, anaimba. Nikajiuliza: nimwachie furaha hii mpaka lini? Mtu akifichwa msiba, siku atakapoujua atalia mara mbili. Na mimi mwenyewe nilikuwa nataka kujua kama nimwombee mwanangu kama mtu hai au kama marehemu. Hayo maombi hayafanani.

Ijumaa, kabla ya saa kumi, nikaosha mikono, nikaikausha vizuri, nikaichukua simu na kuipakata.

Nsimire akaniona. "Mama, unafanya nini?"

"Leo napokea."

"Mama! Bisimwa alitukataza!"

"Huo si mkono wa Bisimwa, mwanangu. Sikiliza inavyolia. Yeye hangoji."

Akatikisa kichwa, akatikisa tena. "Usipokee. Nakuomba. Ukipokea na ikawa si yeye?"

"Si yeye tayari."

Alinishika kifundo cha mkono. Simu ikalia ndani ya vidole vyetu. Kri. Alinikamata kwa nguvu ya kufua mashuka. Kri. Nikamtazama tu, sikuvuta. Akaniachia.

"Hallo," nikasema. "Usikate. Weye ni nani?"

Upande wa pili mtu alivuta pumzi. Sauti ya kijana. "Mama? Miye Mugisho. Wa hema moja na Bisimwa."

"Bisimwa iko wapi?"

"Iko mzima, mama! Iko hai. Bomu liliangukia jikoni, kipande kikamwingia pajani. Tulimbeba kwa machela mpaka barabarani, lori likamshusha hospitali."

"Alikuwa anasema?"

"Alikuwa anatukana, mama. Alimtukana dereva, akamtukana na mama ya dereva."

Nsimire alitoa sauti ambayo si kilio wala kicheko. Mimi nikakaa chini. Huyo kweli alikuwa wangu.

"Alinishika kola," Mugisho akaendelea haraka, "akasema, Mugisho, tukipata moto wa kuchaji simu, saa ya bipu usikose. Mama akikosa bipu atanizika nikiwa hai. Tulikuwa tumehama, kisimu kimezima. Nilipokiwasha tu nikabipu."

"Mbona hukutuambia?"

"Bipu haisemi, mama. Nilikuwa naiacha ilie kidogo, nikidhani labda mutapokea."

"Na zamu yako weye? Kwenu unambipu nani?"

Nilisikia upepo wa kule kilimani. "Miye zamu yangu haina kazi, mama. Kwetu hakuna aliyebaki wa ku—"

Salio likaisha.

Nsimire hakusubiri. Alivaa koti juu ya kanga, akatoka kwenda Alum Rock kwa Daud.

Jumapili tulirudi kutoka kanisani tukaanza kupasha wali. Simu ikalia, namba ngeni, wala si saa kumi. Kri. Ikakatika.

Nsimire akaniangalia mdomoni.

"Huyo ni yeye," nikasema. "Kaazima simu ya muuguzi, na bado ana haraka."

Akafunika uso na kanga. Nikamwacha alie, wali ukashika chini, na hakuna aliyelalamika.

Saa kumi ikalia tena, namba ya kambini. Kri. Rita alikuwa amekalia mikono yake. Kri.

"Tate, who's that one?"

"Ni Mugisho, baba yako mdogo. Huyu mpokee."

Akanitazama kama namtega, kisha akamtazama mama yake. Nsimire akaitikia kwa kichwa. Mtoto akatoa mikono, akaishika simu kwa ncha za vidole kama kitu cha moto.

"Hallo, baba mudogo?" akasema, kwa Kiswahili chetu, cha kujikwaa. "Jino ilitoka. Ingine inakuya."