Mti Uliokula Chuma

Dhoruba ya usiku ilikuwa imeuchana mti wa mkambala wa Koko Marceline kama mtu anavyochana kitambaa. Tawi kubwa lilining'inia juu ya paa la nyumba, limeshikwa na ukanda wa gamba na nyuzi chache za mbao. Na ng'ambo ya mto Lualaba mawingu mengine yalishaanza kujipanga.

"Tunauangusha wote, kutoka chini," alisema Aimé, mjukuu wake, ambaye riziki yake ilikuwa kukata miti kwa mashine. "Uangukie barabarani. Tawi litaufuata."

Alishachora mstari wa mkaa kwenye shina, usawa wa goti. Rafiki yake Patient alikuwa akitia mafuta kwenye mashine.

Koko akatoka na fimbo yake. "Bwana yangu, usikate hapo. Huyu muti ulikula chuma."

"Na miye sijakula kitu tangu asubuhi. Mbona hunihurumii?"

Patient akacheka. Hapa mjini Kindu, nyanya na mjukuu wake wa kiume ni mtu na mumewe kwa utani, na hawa wawili walikuwa wamebobea. Tangu Aimé azaliwe, Koko hakuwahi kumwita kwa jina. Juzi tu alimwapia mbele za watu kwamba marehemu babu yake aliwahi kufukuza mamba kwa mwiko wa kusongea fufu.

"Ndiye babu yako Isidore," akaendelea Koko. "Wakati wa vita. Alipiga misumari ya reli kwenye shina, mumoja juu ya mwingine, watoto wapate kupanda. Watu wa bunduki wakiingia, siye tuko juu kwenye panda. Weye ulikuwa mugongoni kwa mama yako, kitambaa kinywani usilie."

"Na mamba naye alipanda?" Aimé akavaa kofia. "Iko wapi hiyo misumari? Naona gamba tu. Sogea, mke wangu, mvua inakuja."

Akavuta kamba. Mashine ikanguruma. Akainama kwenye mstari wake, mnyororo ukabakiza upana wa kiganja kufika kwenye gamba.

"Aimé!"

Aliizima kabla hajajua kwa nini. Akageuka. Usoni mwa Koko hapakuwa na chembe ya kicheko.

Aimé akachukua shoka. Koko akaonyesha. Pigo la kwanza gamba, la pili mbao, la tatu *ngri!* na cheche. Ndani ya mbao iliyojifunga kama kidonda kilichopona kilikaa kichwa cha msumari wa reli, katikati ya mstari wa mkaa.

"Mnyororo ungekurukia usoni," alisema Patient. Sasa hakucheka. Na shina lingebaki limekatwa nusu, upepo ukijichagulia pa kuliangusha.

Upepo wenyewe ukapita. Tawi likalia *kriii*.

"Nipande nilikate huko juu?" Aimé akauliza.

"Chini ya tawi lililochanika?" alisema Koko. "Mama yako nitamwambia nini?"

Aimé akauzunguka mti, akijiweka mbali na tawi. Ardhi kwenye mizizi haikuinuka. Ufa ulikuwa pale tu tawi lilipochomoka. Haukushuka kwenye shina.

"Shina tuliache. Tawi tulivute kwa kamba, kutoka mbali. Nyumba itapona, lakini..." Akaelekeza kidole. Upande ule litakapoangukia lilisimama banda la jiko ambalo Koko alilikandika kwa mikono yake kiangazi kilichopita.

Koko akalitazama. "Basi ngoja nitoe sufuria."

Majirani wakaleta kamba ya mashua kutoka bandarini. Patient akarusha jiwe lenye uzi mpaka likapita juu ya tawi, kamba ikafuata. Wakasimama mbali kuliko urefu wa mti, wakavuta. Halikusogea. Wakavuta tena. Gamba likakatika kwa mlio wa risasi, na wazee wawili wa mtaa wakajikuta wamelala kifudifudi, kama zamani za vita. Tawi likapita ukingoni mwa paa, likang'oa bati moja, likalisaga jiko. Shina likatikisika, likatulia.

Mvua ikashuka. Barazani kwa jirani, Aimé alikaa chini kando ya Koko.

"Koko, mbona hukunizuia mapema?"

"Nilikuambia. Ukaniuliza habari ya mamba."

Aimé alimsubiri aseme neno lingine, lolote, huku akiogopa litaanza na jina lake.

Koko akapangusa sufuria kwa ncha ya kitenge. "Sasa, bwana yangu, leo utanipikia wapi?"

Aimé akashusha pumzi.