Sahani ya Bi Biasha Hairudi Tupu

Asubuhi ya Idd, Bi Biasha wa Ruponda alipakua pilau kwenye sahani ya bati yenye maua mekundu, akaifunika kwa kawa, akashika njia ya kambi ya wafugaji, ng'ambo ya mashamba ya ufuta. Huo ulikuwa mwaka wa tatu hajalala. Tangu azikwe mumewe, Mikidadi, jicho halikufumba hata mara moja. Vidonge alivyonunua mjini Nachingwea vilimpitia tu, na dawa ya mganga mmoja wa Ruangwa ililaza mkono wa kushoto peke yake.

Jirani yake Saada alikuwa uani anasugua sufuria.

"Weee Biasha! Pilau yote hiyo kwa watu wa ng'ombe? Ufuta wangu si waliula na maua yake!"

"Ufuta wameula ng'ombe, shoga. Watoto wamekula nini?"

"Haya. Watakurudishia mavi ya ng'ombe."

"Nitatia kwenye mchicha."

Kambini, Penina, mke wa mfugaji Shija, alipiga goti akaipokea sahani. Kwao Usukuma, kama huku, chombo cha jirani hakirudi kitupu. Akaingia ndani, akakawia, akatoka nacho kimefunikwa.

"Maziwa yamekauka, mama. Tumebaki na hiki tu."

Bi Biasha akafunua. Ulikuwa usingizi, umekunjwa mara nne kama shuka, unanukia moshi na samli.

"Wote huu wangu?"

"Beba, mama. Tunao mwingi. Tangu tuhamie hapa hatujautumia."

Bi Biasha hakuuliza kwa nini. Vijana wa kijiji walikuwa wameapa kuichoma kambi ile, na kila mtu alijua kwamba Shija na mkewe hukesha, mmoja upande huu, mwingine upande ule.

Alipofika nyumbani aliswali adhuhuri, akautandika usingizi juu ya mkeka, akajilaza. Aliamka kesho yake, adhuhuri nyingine ikiadhiniwa. Alikuwa amemwota Mikidadi anabangua korosho, wala hanung'uniki. Bi Biasha akacheka peke yake, akala viporo vyote, akashukuru.

Wiki hiyohiyo alisimama kwenye mkutano wa kijiji.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nimeshiba chakula ambacho mpishi wake hajakionja."

Wakabahatisha wee, wakashindwa.

"Nipeni mji."

"Chukua Nanganga!"

"Nimekwenda Nanganga, nimepokewa, nimetandikiwa kitanda. Jibu ni usingizi wa Penina. Jamani, waacheni wale watu walale."

Mwenyekiti alisema hoja imepokelewa, wakaendelea na habari ya salfa ya kupulizia mikorosho.

Idd iliyofuata, Saada naye alibeba sahani, maana mgongo ulikuwa unamkesheza. Nyuma yake walifuatana wanawake sita, kila mmoja na kawa lake. Watoto wa kambini walikula pilau, wali wa nazi na tambi mpaka wakalegea, na hakuna sahani iliyorudi tupu. Njiani Saada alipiga miayo, akasema kumbe hawa watu wana mkono mkunjufu.

Sahani ya Bi Biasha ilitoka mwisho. Ilikuwa nzito kuliko ya mwaka jana, ikabidi aipokee kwa mikono miwili.

"Mungu akulipe, mwanangu."

"Amina, mama," akajibu Penina, macho mekundu, akarudi upande wake kuangalia njia.