Watu wa Fora

Hapa Naivasha ninapofanya kazi sasa, kwenye shamba la maua, neno "mkakati" halikosekani mezani. Kila baada ya miezi michache sisi wakuu wa idara tunafungiwa kwenye chumba chenye maji ya chupa na peremende, na kijana mmoja mwenye viatu vya ncha anatuuliza tunaiona kampuni wapi miaka mitano ijayo. Mimi ndiye mkuu wa idara ya wafanyakazi. Nikiulizwa, natoa jibu la heshima. Lakini moyoni huwa nimesharudi Isiolo, kwenye hoteli iliyoitwa Ganna, na namwona mwenye hoteli, Mzee Golicha, fimbo mapajani, akinisikiliza kama mtu anayesubiri nimalize ili aseme lake. Nimemkumbuka yule mzee, nasema ukweli. Hata vumbi la pale nje nimelikumbuka.

Ganna kwa Kiborana ni mvua ya masika. Golicha alikuwa mfanyabiashara wa mifugo. Aliuza ng'ombe wengi akaijenga ile hoteli ya ghorofa tatu ugatuzi ulipoingia tu, wakati Isiolo nzima ilikuwa imelewa ahadi. Uwanja wa ndege ulikuwa unakuja, reli ilikuwa inakuja, mji wa watalii ulikuwa unakuja. Ukiuliza ploti Bulla Pesa, mtaa wetu wa pale mjini, mwenyewe alikutajia bei kana kwamba unanunua kando ya bahari. Mimi Nakolong, binti wa Ekitela wa Ngaremara, nilikuwa nimetoka chuo na diploma ya usimamizi wa wafanyakazi, na nimechoka kula kwa shangazi. Golicha aliniajiri kwa maneno machache.

"Nitafutie watu. Halafu unitunzie."

Nikamtafutia. Nilimtoa Kithinji kwenye kibanda cha chakula karibu na soko, Mmeru mwenye mdomo mrefu na mkono mtamu. Nilimpata Nasteha, msichana wa Kisomali aliyekuwa akiuza simu dukani kwa mjomba wake, nikamweka mapokezi, maana alikuwa na sauti ya upole na macho yasiyodanganyika. Wengine nikawaokota hapa na pale, Waturkana, Waborana, Wameru, kila mtu na lugha yake na dawa yake ya mafua.

Zile wiki za kabla ya kufungua ndizo ninazoziota. Wageni hatukuwa nao, kwa hiyo wafanyakazi walikuwa wageni kwa zamu. Leo wewe unahudumu, kesho unakaa mezani na kuhudumiwa. Kithinji akiwa mgeni alikuwa balaa. Alisukuma sahani, akapaza sauti, "Hii supu imepikwa na nani? Fukuza yeye leo leo!" Na supu ameipika mwenyewe. Tulicheka mpaka Nasteha akafunika uso kwa mtandio. Sijawahi kupenda kazi kama nilivyoipenda ile, na sasa nina ofisi yenye kapeti.

Miaka ya kwanza tulijaa. Wahandisi wa barabara, watu wa mashirika, wenye malori, maafisa waliotumwa kaunti mpya wakiwa hawajapata nyumba. Kisha wakaanza kupungua, chumba kimoja kimoja, mpaka kukawa na siku ambazo Nasteha alikuwa akipangusa funguo ambazo hakuna aliyezigusa.

Wakati huo nilikuwa nikisoma digrii Meru, siku za Jumamosi. Mwalimu wetu mmoja alipenda kutuchoma. Alisema mtu wa wafanyakazi asiyejua biashara inapitishia pesa mlango gani ni karani wa likizo tu. Lilinichoma kweli. Nikaacha kuhesabu sare za wapishi, nikakaa na Nasteha kuuliza wageni wetu walikuwa akina nani na wamekwenda wapi. Jibu lilikuwa pale nje, jeusi na limenyooka. Barabara ya Moyale ilikuwa imekwisha. Zamani msafiri wa kaskazini hakuwa na ujanja, lazima alale Isiolo akaombe Mungu kabla ya kuingia mashimoni. Sasa anakunywa chai kwetu, anakula mchana Marsabit, na jua likizama yuko Moyale. Lami tuliyoiombea miaka yote ndiyo iliyotunyang'anya vitanda.

Golicha hakuhitaji kuelezwa. Aliniita Ramadhani ikiwa inaisha.

"Idd ipite," alisema. "Baada ya Idd, punguza watu nusu."

Nilimwandalia picha za kompyuta, mistari na rangi, ukutani kwenye ukumbi. Alitazama mpaka mwisho, akanyoosha fimbo. "Hii nyekundu inaanguka ni mimi?"

"Ndiyo, Mzee."

"Basi nimeona. Punguza."

Nililala na hasira. Mimi si mtu wa kunyamaza, na kilichoniuma si huruma peke yake. Mtu kama Kithinji ukimfukuza leo, siku biashara ikiamka utamtafuta kwa tochi. Lakini pia ukimweka jikoni bila mgeni wa kumpikia, mshahara wake unaila hoteli. Yote mawili ni kifo. Nikafikiria hivyo mpaka nikamkumbuka baba yangu, ambaye hakusoma hata siku moja ila kila kiangazi alijua la kufanya. Kesho yake nikamfuata Golicha kwenye mnada wa mifugo, mahali ambapo anasikia vizuri.

"Salaam aleikum, Mzee."

"Aleikum salaam. Umeleta rangi ingine?"

"Hapana. Nauliza tu. Kiangazi ikipiga, wewe unachinja nusu ya ng'ombe?"

Akanitazama kama niliyemtukana. "Nichinje kwa nini? Ya maziwa inabaki nyumbani kwa watoto. Ingine inaenda fora."

Fora ni lile kundi linalopelekwa mbali, kule kwenye nyasi, hata huko Kipsing na kupita, mpaka mvua irudi nyumbani. Sisi Waturkana nasi hufanya hivyo hivyo, ila kwa jina letu.

"Na hawa watu wa Ganna je?" nikasema. "Loji za Nanyuki ziko na wageni. Meru kuna hoteli mpya. Wacha nipeleke watu huko, walishwe na mkono wa wengine. Tubaki na wachache wa maziwa. Siku mvua ikinyesha unawaita."

Alimkagua fahali wa mtu mwingine. Kisha akasema, "Ng'ombe iko na alama yangu. Mtu iko na miguu na simu. Nani atarudi?"

"Watarudi."

"Wewe unajuaje?"

"Nawajua."

"Sawa. Siku nikiita, wasiporudi, wewe pia unaenda. Tumeelewana?"

Tukaelewana. Nilikuwa nimeweka kazi yangu rehani kwa ajili ya miguu ya watu wengine, na nilirudi Bulla Pesa nikijiuliza kama nina akili.

Niliwapigia simu mameneja mpaka sauti ikakauka. Nilimsifu kila mtu kwa haki yake, na kila mwajiri nikamwambia wazi kwamba hawa ni watu wetu, siku moja tutawaomba. Wengine walicheka, lakini waliwachukua. Kithinji alikwenda loji moja upande wa Nanyuki. Mkewe na watoto aliwaacha Isiolo, na siku ya kuondoka alizunguka jikoni akigusa sufuria kama mtu anayeaga wagonjwa. Nasteha alikwenda Meru. Hoteli ikawa kimya. Nilipita kwenye ukumbi ule na viti vimepinduliwa juu ya meza, na nikalia kidogo, peke yangu, kisha nikaenda kuulizia gesi.

Mwaka ukapita, na mwingine ukawa katikati. Ndipo ikaja simu: mkutano mkubwa wa kaunti za kaskazini, siku tatu, vyumba vyote, chakula cha watu hata wasiolala. Golicha aliingia ofisini kwangu bila kubisha hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Waite."

Nikawaita. Wengi walisema watajaribu, neno ambalo mtu wa kazi yangu hulijua lilivyo. Kithinji, ambaye wakati huo alikuwa mpishi mkuu mwenye vijana chini yake, aliniambia nisubiri, akaamuru mtu apunguze moto. "Madam," akasema, "wacha niangalie." Usiku ule nilianza kukunja nguo zangu akilini.

Walikuja wote. Hakuna aliyeacha kazi, walichukua likizo zao za mwaka. Mtu ameondoka kazini akapumzike, anakuja kwetu kukata vitunguu. Kithinji alishuka na visu vyake mwenyewe vimefungwa kwenye taulo, na kabla hajasalimia mtu akauliza nani ameharibu jiko lake. Nasteha alikaa mapokezi kana kwamba alitoka kwenda kunywa maji tu. Siku tatu zile Ganna ilikuwa Ganna. Golicha alivaa kanzu nyeupe, akazunguka meza hadi meza akiwauliza wakubwa kama wameshiba, na niliona furaha yake nikafurahi naye.

Jioni ya mwisho aliniambia, "Wabaki. Nitalipa vile wanalipwa huko. Watu wamejua Ganna sasa. Dalili ya mvua ni mawingu."

Nilikwenda jikoni. Kithinji alikuwa akifunga visu, polepole mno.

"Madam, Mzee ameniambia. Mimi nataka kubaki. Watoto wangu wako hapa. Mdogo alikuwa ananiogopa juzi, anauliza mama yake huyu ni nani." Akainua macho. "Wewe ndiye unajua hii hoteli. Nibaki ama niende?"

Hapo ndipo nilipoijua kazi yangu. Kazi yangu ilikuwa imepona, walikuwa wamerudi, mkataba na mzee nimeushinda. Ningesema "baki" na kila mtu angenipenda jioni ile. Lakini nilikuwa nimetazama na Nasteha vyumba vya mwezi ujao na wa kufuata. Hapakuwa na mtu. Kule Nanyuki nafasi yake ingejazwa kabla hajafungua begi, na Ganna ingemlipa mara chache, kisha ingemtazama machoni na kumwambia haina. Angerudi kibandani na watoto wale wale.

"Enda," nikamwambia. "Chukua mama na watoto, hama nao. Enda, Kithinji."

Nilipogeuka, Golicha alikuwa mlangoni.

Alinitoa nje. Kisha fimbo ikagonga simiti. "Nilikuajiri unitunzie watu! Wamerudi na miguu yao, na wewe unafukuza!"

"Mzee, ile ya siku tatu haikuwa ganna. Ilikuwa manyunyu."

"Nani amekuuliza?"

"Wewe ulishawahi kuona wingu moja ukaita ng'ombe kutoka fora? Nyasi inatoka urefu wa kidole, inakauka. Ng'ombe ameshafika. Anakufa akiwa nyumbani, mbele ya watoto."

Niliogopa nilipomaliza, maana nilikuwa nimeita hoteli yake kiangazi mbele ya uso wake. Nikaona jinsi hasira ilivyomtoka na kilichobaki nyuma yake, ambacho kilikuwa kibaya zaidi kukitazama. Alikuwa mzee aliyeuza kundi lake kwa sababu ya mawingu.

"Ng'ombe singeita," akasema mwishowe.

Asubuhi aliwaaga mmoja mmoja, akawashika mikono kwa mikono yote miwili na kuwaambia nagaa, amani. Miezi michache baadaye aliikodisha Ganna kwa watu waliotaka ofisi, akarudi kwenye mifugo. Mimi nilibaki kumalizia mambo, na siku nilipomkabidhi funguo akaniuliza nimepata nyasi wapi. Nikamwambia Naivasha, kwenye maua.

"Maua inaliwa?"

"Inalipa, Mzee."

"Enda basi. Ni zamu yako ya fora."

"Ukiniita nitakuja," nikasema, na nilimaanisha kila neno. "Hata kwa likizo."

Akatikisa kichwa. "Mimi sitaita mtu tena kwa manyunyu. Nikikuita, ujue mvua imenyesha."

Kila Idd nampigia simu. Haulizi habari za kampuni wala mshahara. Anawaulizia watu wake mmoja mmoja, kama mchungaji anavyoulizia ng'ombe kwa rangi zao: Kithinji yuko wapi, anashiba? Yule wa sauti laini, ameolewa? Watoto wa fulani wamekua? Namjibu yote. Mwisho ananiuliza mimi.

"Na wewe, huko nyasi iko?"

"Iko, Mzee. Iko nyingi."

"Haya. Kaa huko."

Kisha nakaa na simu sikioni kidogo, nikisikia ng'ombe nyuma yake, nikingoja aniite. Mzee huyu ni mtu wa neno lake, na mpaka leo hajaniita.